Mwezi Uliokosekana Kwenye Ramani Yako

Euless, Alhamisi baada ya alasiri

Maimuna mamangu,

Wewe na mamako mmetoka kununua mapazia, na kwa jinsi ninavyomjua mamako akiingia dukani, nina saa mbili nzima za kukaa peke yangu na karatasi hizi. Mlango nimeufunga kwa funguo. Najua utacheka, maana mimi hufunga hata nikienda kutupa taka hapo chini. Leo nimeufunga kwa sababu sitaki mnikute katikati ya ninayotaka kuyasema, kisha niyakunje mfukoni na kujifanya nilikuwa naandika orodha ya vitu vya sokoni.

Mambo ya kupima mafuta ya gari, kutomfungulia mtu usiyemjua na kutotia sahihi karatasi usiyoisoma nimekuimbia tangu una miaka sita, na mamako ameyarudia wiki hii mpaka ukaziba masikio. Siyaandiki. Ninaandika lile uliloniuliza mwezi uliopita, hapa hapa mezani, nikalikwepa. Mamako alisema umepata pa kukaa kule Stafford, kwa Ami Shee na Bi Zainabu, waliokuwa majirani zetu hapa, mpaka upate nyumba yako karibu na shule iliyokuajiri. Nikasema huko huendi.

"But why, Baba?" ukaniuliza. "Ami Shee alikufanyia nini?"

"Simwamini."

"Baba, wewe humwamini mtu yeyote. I'm asking, alifanya nini?"

Nikainuka nikaenda kuangalia kama gari nimelifunga. Gari lilikuwa limefungwa.

Ami Shee hakunifanyia kitu. Mimi ndiye niliyemfanyia yeye, na baadaye nikakufanyia wewe, jioni ile ya chuoni kwenu. Mamako alishinda, na kesho utaingia nyumbani kwake, utakula chakula chake na kulala chini ya paa lake ukidhani mimi ndiye niliyekosewa. Yeye hatakwambia, namjua. Basi nikinyamaza mimi, utaishi na uongo wangu kwenye nyumba ya mtu niliyemdhulumu, na hilo nimeshindwa kulimeza.

Nianze na ile ramani yako ya anga, maana huko ndiko nilikokamatwa.

Ulikuja nayo miaka miwili iliyopita kwenye diski, umeifunga kwenye kitambaa kama yai. Ukanieleza kwamba mwalimu wenu hawafundishi nyota tu, anawafundisha namna ya kuzifundisha, kwa kuwa nyote mtakuwa walimu wa sayansi. Kazi mliyopewa ilikuwa kila mmoja akae na mtu mzima wa kwao, amuulize anajua nini kuhusu anga, waende pamoja kwenye ramani ya kompyuta kuangalia, kisha atunge somo kutokana na hayo. Nilikusikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa linasikia mambo mengine kabisa. Mwalimu gani anataka kujua wazee wa watu wanaamini nini majumbani mwao? Na ulipofungua ile programu, kitu cha kwanza ilichouliza ni tuko wapi, siku gani, saa ngapi.

"Kwa nini inataka kujua tunakaa wapi?"

"Baba, ni sky map. Lazima ijue uko wapi ndiyo ikuonyeshe anga ya hapo."

"Na mwalimu wako atayasoma haya?"

"Atasoma lesson plan yangu, si address yako."

Nikakwambia uandike Waco, mji mwingine kabisa. Ukaandika Euless huku umeziba herufi kwa mkono wa kushoto, nami nikakuona. Kwa hilo siombi radhi kamili. Unaikumbuka miaka ile, watu wetu wanazungumza kwenye simu kama wanaosoma risala, kila neno limepimwa. Lakini nisikudanganye. Hofu yangu kubwa haikuwa ya anwani. Ulisema ramani hiyo inaweza kuonyesha anga ya jioni yoyote iliyopita, mwaka wowote. "Hata ya zamani?" nikauliza. Ukasema, "Hata kabla hujazaliwa." Nikasema macho yananiuma, nikaenda kulala, na isha ilikuwa haijaadhiniwa.

Siku ya pili ukanibembeleza mpaka nikakaa. Ukaniuliza mwezi mwandamo wa kwetu unakaaje, nikakwambia umelala chali, pembe zinatazama juu, kama bakuli. Ukaandika Mombasa, na mara mwezi ukatokea vile vile nilivyokuwa nikiuona nikiwa mdogo, juu ya paa la nyumba yetu, baba yangu amenishika bega. Nikajifanya nakohoa ili usione uso wangu. Kisha ukaandika Euless, na ule mwezi ukainama upande, kama mtu aliyechoka kwenye kiti. Ukapiga makofi. "See? Mwezi ni ule ule, Baba. Sisi ndio tumesogea." Ukanieleza habari za dunia kuwa duara, ukachukua chungwa na kijiti cha meno, ukasubiri nielewe kabla hujaendelea. Sikukwambia siku ile, nakwambia leo. Wewe ni mwalimu. Nimefundishwa na watu wengi, kwa fimbo na kwa matusi, na hakuna aliyewahi kunisubiri namna hiyo.

Lakini wewe ukicheka, mimi nilikuwa nauangalia ule mwezi ulioinama, nikimkumbuka mtu aliyeniambia maneno hayo hayo miaka mingi nyuma, bila kompyuta, tukiwa tumesimama juu ya jengo la kuegesha magari.

Ulikuwa darasa la tatu. Watu wa pwani na Unguja hapa Euless tulikuwa familia kama thelathini, wengi wetu tunafanya kazi uwanja wa ndege, tukisali kwenye ule ukumbi wa chini wa nyumba za kupanga. Mwaka ule kukawa na mvutano. Wengine walitaka tufuate tangazo la kutoka ng'ambo, wengine tukasema tutaangalia kwa macho yetu kama kwetu. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa zaidi. Nilikuwa nimewasimulia watu mara nyingi, pengine zaidi ya ilivyohitajika, kwamba mtaani kwetu mwandamo hautangazwi mpaka baba yangu aulizwe. Kwa hiyo mwezi ishirini na tisa wa Ramadhani, jioni, tulipopanda juu ya lile jengo, watu hawakuwa wanaangalia magharibi. Walikuwa wananiangalia mimi.

Kulikuwa na baridi ya kukata masikio na mawingu ya vipande vipande. Kazini nilikuwa nimeshaomba ruhusa ya kesho yake, na nisingepewa nyingine. Wewe ulikuwa na gauni la zambarau limening'inia mlangoni wiki nzima, kila asubuhi unauliza kama ni leo. Siyaweki haya kama udhuru. Nayaweka kwa sababu yalikuwa kichwani mwangu wakati ule, nami nilijiambia kwamba hayamo.

Nikaona kitu cheupe, chembamba, kimepinda, juu kidogo ya pale jua lilipozama. Nikapiga takbiri. "Ule pale!" Watu wakanikumbatia, mmoja akalia. Nilipotazama tena, kile kitu kilikuwa kimeanza kutanuka na kumeguka. Ulikuwa moshi wa ndege. Mamangu, mimi nilikuwa napakia ndege kila siku ya Mungu, naishi chini ya njia yake, na moshi wake ninaujua kuliko mvua. Hata hivyo jicho lilitaka kuona, likaona.

Kama ningesema hapo hapo, "Jamani, samahanini, ni ndege," tungecheka wote na kushuka kufuturu. Lakini Maalim Omari, aliyekuwa akiwasomesha madrasa, alikuwa ameshasimama mbele yangu. Akaniuliza kama nimeuona kwa macho yangu. Nikasema ndiyo. Akauliza pembe zake zilielekea wapi. Jibu sikuwa nalo, nikalichukua kwa baba yangu.

"Umelala chali," nikasema. "Pembe juu."

Ami Shee alikuwa kando yangu, mikono ndani ya koti. Akasema taratibu, bila ubishi, "Mwezi wa huku haulali hivyo, bwana. Mie kila jioni niko kwenye foleni ya teksi, naangalia magharibi. Wa huku huinama."

Ningeweza kushukuru. Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Badala yake niligeuka mbele ya watu nikamwambia, "Wewe Shee macho yako yamezoea kusoma mita tu." Watu wakaangua kicheko. Maalim akanitaka niape, nikaapa. Sikupepesa jicho.

Kesho yake tukasali Idi. Picha ile tuliyokuwa tumeibandika kwenye friji, wewe na gauni la zambarau, ni ya siku hiyo. Mamako alikutuma kwa Bi Zainabu na sahani ya visheti, ukarudi nayo. "Wamefunga, Baba. Leo si Idi? Why are they fasting?" Nikakwambia ni wakaidi. Watoto wao walikuwa ndani, pazia limeshushwa, wenzao wanakimbia nje na nguo mpya. Jioni ile mwezi ukaonekana na kila mtu, mwembamba, chini kabisa, umeinama vile vile alivyosema Shee. Mtu mmoja akasema mbona wa siku ya pili umekonda hivi. Nikajibu upesi kwamba ni mawingu yanaupunguza kingo. Hapo nilikuwa najua. Nimewalisha watu siku nzima ya funga yao. Yangu niliilipa kimya kimya baada ya wiki chache, mamako akadhani naumwa kwa kukataa chakula cha mchana. Wao mpaka leo hawajui kama wana siku ya kulipa.

Ungedhani mtu akiponea chupuchupu hutulia. Mimi nilianza kuchungulia. Shee ndiye aliyekuwa anajua, basi Shee ndiye niliyemtazama. Akizungumza na Maalim mlangoni, nilisema wananizungumza mimi. Asipozungumza naye, nilisema wameshamaliza. Akinisalimu nilitafuta kejeli ndani ya salamu yake. Asiponisalimu, nilikuwa na uhakika. Watu wanasema mimi nilizaliwa na wasiwasi. Si kweli, mamako atakwambia. Alipoolewa na mimi nilikuwa mtu wa kulala milango wazi. Wasiwasi wangu una tarehe yake, na tarehe hiyo uliiona kwenye skrini.

Kisha ikaja ile miaka ya hofu, watu wetu wakiitwa na maafisa wa serikali ya huku na kuulizwa maswali. Shee alikuwa ameshapunguza kuja ukumbini, kwa ajili yangu nadhani, maana kila akija nilikuwa na utani wa mwezi tayari. Siku moja baada ya sala watu wakasema, Shee haonekani siku hizi. Nikasema sentensi moja tu. "Mtu anayejitenga na wenzake, ni vizuri tujue huwa anazungumza na nani."

Haikuhitaji ya pili. Haikupita miezi miwili, watu wakawa wanampungia mkono kwa mbali. Bi Zainabu, aliyekuwa akikusuka nywele kila Jumapili, akakosa kualikwa kwenye arusi ya jirani wa mlango wa pili. Mwishowe wakahamia Stafford. Siku walipopakia lori, hakuna mwanamume aliyekwenda kuwabebea hata kiti. Mimi nilisimama nyuma ya dirisha, nimefungua upenyo mdogo wa pazia, nikiwaangalia. Nilifarijika. Neno hilo limenichukua dakika nyingi kuliandika, lakini ndilo lenyewe.

Sasa jioni yenu ya chuoni, mlipofundisha masomo yenu mbele ya wageni.

Wiki ile niligundua picha haipo kwenye friji. Nilimuuliza mamako nani kaichukua, nikatafuta hata chini ya zulia. Ningejua kwamba umeichukua wewe, ili upate jioni ya mwandamo kwa ile tarehe ambayo kamera iliipiga pembeni kwa rangi ya machungwa, nadhani ningeichana. Nilikuja nimevaa kanzu kwa sababu uliniomba. Nikakaa karibu na mlango kama kawaida yangu, nikahesabu wageni, nikamtazama mwalimu wenu nikijaribu kujua ana nini na sisi. Hakuwa na kitu. Alikuwa mtu mpole mwenye chaki kwenye suruali.

Ulianza vizuri mno. Ukaonyesha mwezi wa Mombasa, ukaonyesha wa Euless, wenzako wakashangaa. Kisha ukasema kwa Kiingereza, na sauti yako imejaa, kwamba baba yako ndiye mtu aliyewaonea mwezi watu wake wote, na kwamba utawaonyesha anga ya jioni ile ile. Hukuwa umeijaribu kabla. Uliniambia baadaye, ukilia, kwamba ulitaka uione mara ya kwanza pamoja na mimi.

Jua la ramani yako likazama pale ukutani. Magharibi pakawa patupu. Ukasogeza saa mbele, ukairudisha, patupu. Ukaiondoa ardhi kwenye ramani ili uone kilicho chini ya upeo, na mwezi ulikuwa huko, umeshatangulia kuzama kabla ya jua lenyewe. Hakuna macho duniani ambayo yangeuona.

"Where's your moon?" mwalimu akauliza, kwa upole tu.

Ukanitazama. Mamangu, nilikuwa na kazi moja. Kusimama, kwa Kiingereza changu kibovu, na kusema tarehe ni sahihi, ramani ni sahihi, ni mimi. Nilitazama viatu vyangu.

"I'm sorry," ukasema. "I must have put in the wrong date. It's my mistake."

Ulinisitiri mbele ya watu wote, na sijui hata kama ulijua unanisitiri. Mwalimu akakukata alama, akaandika kwamba mwalimu huijaribu ramani yake kabla ya kusimama mbele ya wanafunzi. Ni kweli, na nadhani hutalisahau. Lakini mimi, kwenye gari, nilikwambia nini? Nilikuuliza, "Ulitaka kuniaibisha? Nani alikutuma?" Ulilia mpaka tukaingia Euless. Siku kumi na moja sikusema nawe, na mamako nikamwambia programu ile imetengenezwa na watu wasiotupenda. Usiku mmoja nikakusikia kupitia ukutani ukimwambia mamako, "Mama, maybe sifai kuwa teacher. I'm so careless." Nilichukua rimoti nikaongeza sauti ya televisheni.

Kuna jambo moja hulijui. Katika siku hizo kumi na moja, wewe ukiwa bafuni, niliifungua kompyuta yako. Nilikuwa na hakika nitakuta barua, umewaandikia wenzako kwamba baba yako ni mwongo. Nilikuta ramani iko wazi, Euless, jioni ile ile. Kando yake daftari lako la mistari. Ulikuwa umejiandikia orodha, na nilitafsiri polepole, neno kwa neno, nimesimama. Labda saa ilikuwa ya majira mengine. Labda kamera ya Baba ilikuwa na tarehe mbovu. Labda picha ilipigwa siku ya pili. Labda programu ina kosa kwa miaka ya nyuma. Labda nimesoma vibaya mimi. Kila moja umeijaribu, ukaikata kwa mstari, na chini ukaanza upya.

Ulishuku saa. Ukashuku kamera, ukashuku programu, ukajishuku wewe mwenyewe mara mbili. Mimi sikuwemo kwenye orodha.

Nilikaa kwenye kitanda chako nikalia, Maimuna. Mtu niliyekuwa nikimpekua alikuwa ananitafutia njia ya kuwa mkweli. Na hata baada ya hapo, sikusema. Nilirudisha daftari lilivyokuwa, nikatoka, na miaka miwili ikapita. Umemaliza masomo, umeajiriwa, na bado nakuona ukitayarisha somo unalirudia mara nne, mara tano, unajiuliza umekosea wapi. Kujaribu ramani ni kuzuri. Kujiona wewe ni mtu wa kukosea ni kitu kingine, na hicho nilikupa mimi. Ile kazi yako ilikuwa sahihi. Mahali sahihi, siku sahihi, saa sahihi. Hukukosea hata herufi moja.

Nimesimama kidogo hapa. Nilipoandika sentensi hiyo niliona kwamba naweza kukupa karatasi hizi na bado nikajificha nyuma yake. Nikachukua ile namba aliyoibandika mamako ukutani, nikampigia Shee.

Alipokea mwenyewe. Kulikuwa na kelele za vyombo nyuma yake, halafu mlango ukafungwa. Nilimwambia yote, kuanzia moshi wa ndege mpaka ile sentensi moja ya baada ya sala. Hiyo sentensi hakuwa akijua ilitoka kwangu. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mie miaka yote hii nikidhani ni Maalim."

"Ni mimi."

"Maalim nilikataa kumzika. Nilipigiwa simu kwamba amefariki, nikasema siendi."

Nilikuwa nikifikiri najua ukubwa wa nilichofanya, kumbe kulikuwa na chumba kingine sikuwahi kukifungua. Nikamwambia kwamba kesho nikikuleta nitayasema tena mbele ya Bi Zainabu na watoto wake, na Ijumaa ijayo nitasimama ukumbini hapa niwaambie watu habari ya funga yao na habari yake.

"Mtoto mlete," akasema. "Chumba chake tumekipaka rangi. Zainabu kamtilia pazia. Yeye hana kosa." Kisha akasema, "Wewe usishuke kwenye gari."

Nikasema, "Sawa, bwana." Akakata.

Yale ya ukumbini nitayatimiza, ruhusa yake sihitaji. Yale ya nyumbani kwake ni yake kuamua, na ameamua. Nimeyajaribu maneno yake kama ninavyojaribu kila kitu, nikitafuta kama kuna hila ndani, na sikuona. Ni mtu ameniambia anavyotaka kwenye mlango wake.

Kwa hiyo mapazia mnayonunua sasa hivi hayahitajiki, lakini sitawapigia simu. Acheni mzunguke.

Barua hii nitakupa kesho asubuhi, na nataka uisome tukiwa njiani, mimi nikiendesha, nisiwe na pa kukimbilia. Ni mwendo wa saa nne na zaidi. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kunikasirikia, nimo ndani ya gari, niko karibu. Ukitaka kunishuku kuanzia leo, hilo nimelichuma kwa mikono yangu, ila nakuomba hiyo shaka iishie kwangu, usiwahamishie wanafunzi wako. Mtoto akija darasani akasema ameona kitu ambacho ramani inasema hakikuwepo, muulize polepole, mwachie nafasi ya kurudi nyuma. Mimi ningetaka kuachiwa. Shee aliniachia, nikaikataa.

Tukifika Stafford nitasimamisha gari mbele ya nyumba, nitafungua buti kutoka ndani, na nitabaki nimekaa. Masanduku yako ni mazito, utayabeba mwenyewe au watoto wa Shee watakusaidia. Bi Zainabu atatoka, atakukumbatia, na kwa desturi yetu atauliza mbona baba hashuki hata kunywa maji. Najua ulivyo. Utataka kusema amechoka, au anawahi zamu, au mguu unamuuma. Usiseme hivyo, mwanangu. Ulinisitiri mara moja, na iligharimu sana. Akikuuliza, mtazame usoni umwambie kwa nini.

Baba yako akupendaye,
Hamisi